Nilivyojifunza kuuliza swali mpaka likajibika

Mwaka 2019 nilipewa kazi ya kuunganisha taarifa za mradi, mafaili mawili ya Excel, moja langu na moja la mwenzangu wa kazini, yawe faili moja, mistari kama elfu mbili hivi na kila mstari una tarehe yake. Kazi yenyewe sio ngumu, unakopi huku unapesti kule, nikamaliza nikafunga. Siku mbili kabla ya kukabidhi nafungua faili nakuta kuna tarehe za mwaka ambao hata haujafika. Moyo ukanipasuka. Nikashika simu nikatuma meseji kwa watu watatu ambao nilijua wanaijua Excel vizuri, meseji ile ile kwa wote: "Habari za saa hizi, tarehe zangu kwenye Excel zimeharibika, naomba msaada haraka tafadhali ni dharura."

Wa kwanza hakujibu kabisa. Wa pili akaniambia nizime kompyuta niwashe tena. Wa tatu, dada mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi zamani, akaandika neno moja tu: "Zimeharibikaje?"

Nilikasirika jamani, sitaficha. Nikaona watu wenye ujuzi wana roho mbaya, mtu umemwambia ni dharura anakuuliza maswali badala ya kukusaidia. Nikamjibu, "zimeharibika tu, zimekuwa za ajabu." Na yule dada Mungu ambariki hakuniacha, angekuwa mwingine angeniacha pale pale. Akaandika: chukua tarehe moja tu, niambie ilikuwa nini na sasa imekuwa nini.

Hapo ndo kwa mara ya kwanza nikaliangalia lile faili. Yaani nilikuwa nimelifungua zaidi ya mara kumi lakini sikuwa nimeliangalia, nilikuwa naliogopa tu. Nikachukua mstari mmoja nikalinganisha na faili la mwanzo. Ilikuwa 5 Machi 2019, imekuwa 6 Machi 2023. Akasema nipe nyingine. Ilikuwa 20 Machi 2019, imekuwa 21 Machi 2023. Akauliza, zote zimeruka au baadhi? Nikapitia, kumbe baadhi, zile nilizopesti mimi ndo zimeruka, zile alizoandika mwenzangu mwenyewe ziko sawa. Akauliza tena, faili ulilopestia lilianzishwa kwenye kompyuta gani? Mwenzangu alilianzisha kwenye Mac ya siku nyingi, mi natumia Windows.

Haikupita dakika mbili akawa amenipa jibu lote. Excel haihifadhi tarehe kama tarehe, inahifadhi namba, inahesabu siku kuanzia siku fulani ya mwanzo. 5 Machi 2019 kwenye faili langu ni namba 43529. Mafaili mengi yanaanza kuhesabu mwaka 1900, ila matoleo ya zamani ya Excel ya Mac yalikuwa yanaanza 1904. Namba ni ile ile 43529, ikiingia kwenye faili linalohesabu kutoka 1904, kama lile la mwenzangu, inasomeka 6 Machi 2023. Tofauti ni siku 1462 kila mahali, miaka minne na siku moja, haibadiliki. Akanielekeza niandike 1462 kwenye seli tupu, niikopi, nichague tarehe zilizoruka, alafu nipesti kwa ile njia maalum yenye chaguo la kutoa. Nikafanya. Tarehe zote zikarudi kwa mpigo mmoja.

Nilikaa pale naangalia skrini muda mrefu, na sio kwa sababu ya Excel. Nilikuwa nasoma tena mazungumzo yetu. Lile jibu lote lilikuwa ndani ya vitu vitatu ambavyo mi ndo nilikuwa navyo, tarehe ilivyokuwa, tarehe ilivyo sasa, na faili limetoka wapi. Mtu pekee duniani aliyekuwa anaviona vitu hivyo ni mimi niliyekaa mbele ya ile skrini, alafu nikaenda kumtumia neno "zimeharibika" mtu ambaye hayupo nilipo. Angefanya nini nalo? Sababu za tarehe kuharibika ziko nyingi mno, kuna siku na mwezi kubadilishana nafasi, kuna tarehe kugeuka maandishi, kuna seli kujaa alama za reli kwa sababu tu safu ni nyembamba. Kwangu neno lile lilikuwa limebeba kila kitu kwa kuwa nilikuwa nakiona. Kwake lilikuwa tupu.

Nilijiuliza sana kwa nini sikusema mapema. Haraka ilichangia, ila ukweli wenyewe ni aibu. Pale kazini nilishasema Excel naijua, na nilihofia nikieleza hatua kwa hatua nilichofanya mtu ataona mahali nilipokosea. Swali la juu juu linakuficha. Ukisema "imeharibika" kosa ni la kompyuta, ukisema "nilikopi kutoka huku nikapesti kule bila kuangalia" kosa linaanza kuwa lako. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nilikuwa naijua hiyo methali tangu utotoni ila sikuwahi kufikiria kwamba inahusu meseji ninazotuma.

Sasa ningependa niseme kwamba baada ya siku ile nilibadilika, lakini haikuwa hivyo, somo lile nililiacha kwenye kompyuta. Kama mwaka mmoja baadae mkono wangu wa kulia ukaanza kunisumbua. Naamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi, naukung'uta kung'uta mpaka unarudi, nalala, baada ya muda naamka tena. Nikaenda kwa daktari nikamwambia mkono unauma. Wapi? Wote. Tangu lini? Siku nyingi. Unaumaje? Unauma tu daktari. Akanipa dawa za maumivu, na kusema kweli kwa maelezo yale simlaumu. Dawa ziliisha, ganzi iko pale pale.

Nina rafiki ni nesi, nikawa namlalamikia kwenye simu eti madaktari siku hizi hawasikilizi. Akaniacha nimalize, alafu akaniambia chukua karatasi, weka kiganja chako juu yake, kizungushie kalamu. Kila ukiamka usiku weka kivuli kwa penseli pale tu penye ganzi, usikisie asubuhi, weka pale pale usiku ule, fanya hivyo siku tatu. Niliona kama mchezo wa watoto ila nikafanya.

Baada ya siku tatu karatasi ilikuwa inaongea yenyewe. Gumba, kidole cha shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja tu, ule unaoelekea cha kati. Kidole cha mwisho hakikuwa na alama hata moja. Mimi niliyemwambia daktari "wote" nilikuwa na kidole kizima ambacho hakijawahi kuguswa, tena miezi yote ile. Nikarudi na karatasi yangu. Daktari aliiangalia sekunde chache tu akaanza kunigonga gonga kwenye kifundo cha mkono akiniuliza nasikia nini. Akanieleza kwamba kuna neva inayopita kwenye njia nyembamba pale kifundoni, na ndiyo inayohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine inayopita njia nyingine. Kwa hiyo kile kidole kisicho na shida ndicho kilichomwonyesha pa kutafuta. Nikapewa kifaa cha kuvaa usiku kinachozuia kifundo kisipinde, na usingizi wangu ukaanza kurudi taratibu.

Mpaka leo hilo linanigusa. Huwa tunadhani kueleza tatizo ni kueleza kinachouma, kumbe na kisichouma ni taarifa, na mara nyingine ndo taarifa yenyewe. Tarehe za mwenzangu zilizobaki salama, kidole changu cha mwisho, ni kitu kile kile. Siku hizi nikitaka kuuliza jambo lolote lazima nijiulize kwanza wapi hakitokei. Haifunguki kwenye simu lakini kwenye kompyuta inafunguka? Inagoma kwangu ila kwa mwenzangu mwenye akaunti kama yangu haigomi? Jana ilikuwa inafanya, na kati ya jana na leo nimegusa nini?

Yule rafiki yangu nesi akanieleza kwamba wao hospitali wanafundishwa kabisa namna ya kumpigia daktari simu usiku. Unaanza na hali ilivyo sasa hivi, unafuata na historia fupi ya mgonjwa, alafu wewe unaonaje, mwisho unasema unachoomba, kwa mfano aje sasa hivi au abadilishe dawa. Akasema utaratibu huo ulianzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitali. Kilichonishika ni ile sehemu ya mwisho, kusema unachoomba. Nilipopitia meseji zangu za nyuma nikakuta nyingi nimeeleza shida vizuri tu lakini sikuomba kitu. Mtu anasoma, anasikitika, anasema pole sana. Kumbe nilitaka aniangalizie barua kabla sijaituma, ila hayo maneno hayakuwemo popote.

Lakini hata kuomba kuna mtego wake, unaweza ukaomba kitu kwa ufasaha kabisa na kikawa sicho unachohitaji. Nilikuwa na video ya mafunzo niliyorekodi, kubwa kama MB 180, nataka mtu aione atoe maoni. Barua pepe ikaikataa, na ni kawaida, Gmail kwa mfano kiambatisho mwisho MB 25. Basi nikaanza kuuliza watu, nawezaje kubana video ya MB 180 ifike chini ya MB 25 bila kupoteza ubora? Swali limenyooka, lina namba, nilikuwa nimeshajifunza bwana. Na watu wakanijibu kwa moyo kweli, huyu ananitajia programu hii, yule ananiambia punguza vipimo vya picha, nikahangaika nayo jioni mbili. Video ikawa ndogo kweli lakini maandishi yaliyokuwa kwenye skrini hayasomeki. Nikarudi kulalamika, ndipo kaka mmoja akauliza, samahani, hiyo video ikishafika unataka huyo mtu afanye nini nayo? Nikamjibu aitazame tu anipe maoni. Akasema basi ipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni umtumie linki. Ilichukua dakika chache.

Wale wote walionijibu mwanzo hawakukosea, walinijibu nilichouliza. Niliamua mwenyewe njia ni kubana, nikaficha safari nzima, nikauliza kuhusu shimo moja tu la barabarani. Tangu siku hiyo naongeza sentensi moja kwenye kila swali, "ninachotaka mwishowe ni hiki." Ni sentensi fupi lakini inampa mtu ruhusa ya kukwambia njia uliyochagua siyo.

Na kuna kitu kinachofanana na hicho, kutaja ugonjwa badala ya dalili. Ndugu yangu mmoja aliniandikia "kompyuta yangu imeingia virusi, nipe programu ya kuua virusi." Mi nikampa, akahangaika nayo siku nzima bila mafanikio. Nilipopata nafasi nikamwambia hebu niambie unaona nini, sio unahisi nini, akasema kila akihifadhi faili inaleta maandishi. Maandishi gani? Eti diski imejaa. Kumbe ni hivyo tu, hakukuwa na kirusi. Pale kosa nalichukua mimi, nilitakiwa kumuuliza kabla ya kumpa programu, maana mtu mwenye wasiwasi atakupa anachohofia kabla hajakupa anachokiona. Nilikuwa nakijua kitu hicho kwa uchungu, na bado nilikisahau nilipokaa upande wa pili.

Upande huo wa pili umenifundisha sana kwa kweli. Siku hizi kazini nimekuwa mtu wa kuulizwa, na kila siku napokea meseji kama "mambo, upo?" Najibu nipo, nasubiri, kimya, nusu saa baadae "kuna kitu nataka nikuulize." Nauliza kitu gani, kimya tena. Mtu anafanya hivyo kwa heshima, hataki kunivamia, naelewa kabisa kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo. Ila ningepewa salamu pamoja na swali lenyewe kwenye meseji moja ningejibu nikipata mwanya wowote, hata yeye akiwa amelala. Alafu kuna zile picha, mtu anapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, ya upande upande, ina mwanga wa dirisha, na ule ujumbe wa hitilafu umekatwa nusu. Ule ujumbe jamani ukopi maneno yake yote kama yalivyo, hata kama ni ya lugha usiyoielewa na yana namba namba za ajabu, hasa hizo namba. Anayekusaidia naye mara nyingi hajui kichwani, anachukua maneno hayo anayatafuta. Ukimwambia "imeleta maandishi mekundu" hana cha kutafuta.

Kuna kipindi nikavuka mpaka upande mwingine. Baada ya kuona faida ya kueleza nikawa naeleza kila kitu, nikaandika swali kurasa mbili, nikaanza na historia ya mradi, nani alisema nini kwenye kikao, nilijaribu nini Jumatatu na nini Jumanne. Sikupata jibu hata moja. Nililiumia lile swali kwa sababu nililiandika kwa saa nzima. Nilipolisoma tena baada ya wiki nikaona swali lenyewe liko mstari wa mwisho kabisa, na anayesoma lazima apite msitu wote ndo alione. Sasa naanza na swali. Mstari wa kwanza swali, alafu nilichofanya, nilichotegemea, kilichotokea, basi. Yaliyobaki naweka pembeni, akiyataka atauliza. Na kama tatizo liko kwenye faili la mistari elfu mbili simtumii mtu faili la mistari elfu mbili, nafungua faili jipya, naweka mistari mitatu tu, naangalia kama tatizo bado linatokea. Likitokea namtumia hiyo mitatu. Lisipotokea basi tayari nimejua kitu, tatizo liko kwenye ile mingine niliyoiacha.

Na hapo ndo linapokuja jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Maswali mengi siku hizi siyatumi. Naanza kuandika, nimefanya a, nikategemea b, ikatokea... nafika hapo najiona naandika "sina uhakika kama nilihifadhi kwanza", naenda kuangalia, sikuhifadhi. Nafuta swali. Waandishi wa programu wana desturi ya kuweka bata wa mpira mezani, wakikwama wanamweleza bata tatizo mstari kwa mstari kwa sauti, na wengi wanapata jibu kabla hawajamaliza kueleza. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni utani wao, sasa naielewa kabisa, bata hajibu lakini anakulazimisha uanze mwanzo.

Kitu kimoja ambacho bado najilaumu ni kurudi. Yule dada wa Excel nilimwambia asante, ila wale wawili wengine sikuwaambia kitu. Kumbe yule aliyenyamaza, tulikutana miezi mingi baadae, akaniuliza zile tarehe zako ziliishaje? Alikuwa ameibeba hiyo meseji muda wote, aliisoma, hakujua aanzie wapi kunisaidia, akaona aibu kuuliza maana niliandika kama vile kila kitu kiko wazi. Nikamwelezea habari ya 1900 na 1904. Akatoa macho. Akasema ofisini kwao kuna faili lina shida hiyo hiyo, tarehe zinaruka miaka minne, na wamekuwa wakizirekebisha kwa mkono moja moja, hakuna aliyewahi kuuliza.

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi kaniandikia usiku. "Shikamoo. Naomba kuuliza, ripoti ya mwezi ikifunguka kwangu jumla inasoma sifuri. Kwenye kompyuta ya jirani yangu faili hilo hilo linasoma vizuri. Kwangu ilianza leo mchana baada ya kupokea faili kwa barua pepe, juu kuna kimstari cha njano kimeandikwa..." na akanakili maneno yote ya kile kimstari. "Nataka tu niweze kuichapisha kesho asubuhi ikiwa na jumla sahihi." Nilikuwa nimeshapanda kitandani. Yale maneno ya kimstari yalikuwa yanasema faili limefunguliwa kwa kulindwa kwa kuwa limetoka mtandaoni, na likiwa hivyo Excel haipigi hesabu upya. Nikamuuliza kitu kimoja tu, faili umeliamini, unamjua aliyekutumia? Akasema ndio, ni bosi, amempigia na simu. Nikamwambia basi bonyeza pale palipoandikwa ruhusu kuhariri.

Baada ya muda kidogo akarudi: "Imekubali. Jumla imekuja. Nimejaribu kuifunga na kuifungua tena, bado iko sawa."